Sikio Ndilo Kadhi wa Simu

Pendekezo P.800, lililotolewa mwaka 1996 na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulioko Geneva, lilikuwa la insafu: wasikilizaji huketishwa mahali pa kimya, wakasikilizishwa maneno yaliyopita katika simu, kila mmoja akatoa alama tangu 1, iliyo mbaya, hata 5, iliyo bora, na wastani wao ndio hukumu. Kwa kuwa kazi hiyo ina gharama na taabu, mwaka 2001 ilipitishwa hesabu ya mashine iitwayo PESQ, ilinganishayo sauti iliyopelekwa na ile iliyopokewa, kisha ikabashiri alama ambayo wanadamu wangeitoa. Faida yake naikiri; kuifanya kadhi wa pekee siridhii, kwani alama yake haituambii ni neno gani lililosikika. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo ya baina ya hezi 300 na 3,400, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa "s" iko juu ya mpaka huo. Basi asiyeiona midomo ya mwenziwe atapambanuaje "thamani" na "samani"? Sisi tunaolipia mazungumzo yetu tuna haki ya kutaka mamlaka za mawasiliano ziwaketishe wasemaji wa Kiswahili, wa pwani na wa bara, wazee kwa vijana, na kuwauliza walichokisikia.