Toa hiyo selotepu kwa kitabu cha guka wako

Wasee, kuna video zimenichosha. Mtu ananunua vitabu vya zamani pale tao, vile vimetandazwa kwa gunia, anavipanga kwa rangi nyuma ya kitanda ndio picha itoke poa. Mwingine anakata kurasa anabandika ukutani. Watu wanamimina mioyo na moto. Hakuna hata mmoja anauliza: kabla ukate, uliangalia ni chapa ya ngapi?

Naongea kwa uchungu juu mimi nilifanya mbaya zaidi.

Guka alipotuacha nilipewa sanduku la vitabu vyake. Ndani kulikuwa na Weep Not, Child, ile ya 1964, na jina la mwandishi kwa jalada ni James Ngugi. Sio Ngũgĩ wa Thiong'o. James, jina alilokuja kulikataa miaka ya baadaye. Mgongo ulikuwa umeanza kuchanika, kwa hivyo nikafanya vile tulizoeshwa kila Januari shule zikifunguliwa: kava ya plastiki ya kujibandika, selotepu mgongoni, jina langu ndani kwa biro. Nikajiona shujaa.

Baadaye nikakipeleka kwa mzee mmoja anayeuza vitabu kuukuu. Alikifungua, akapitisha kidole juu ya plastiki, akanirudishia. "Kijana, si ungeniletea kikiwa kimechanika tu."

Hiyo sentensi ilinikalia wiki nzima. Kumbe gundi ya selotepu huwa inageuka njano na kuzama ndani ya karatasi, na ukijaribu kubandua plastiki inatoka na rangi ya jalada. Fundi anayejua kazi anaweza kurekebisha mpasuko. Gundi ikishaingia, imeingia.

Na kama unadhani jalada ni kitu kidogo, angalia The Great Gatsby ya 1925. Chapa ya kwanza bila jaketi lake la karatasi inaenda kwa maelfu ya dola. Ikiwa na jaketi, imewahi kufika mamia ya maelfu. Hadithi ni ileile, neno kwa neno! Tofauti ni karatasi ambayo wenyewe walikuwa wanatupa.

Najua mtaniambia kitabu ni cha kusomwa, sio cha kuabudiwa. Sawa kabisa. Nunua chapa mpya, isome, ikunje masikio, imwagie chai ukitaka. Chapa mpya zipo. Hiyo ya 1964 haichapishwi tena.

Wengine watasema haya ni mambo ya mababi na wazungu wenye pesa. Hapa ndio nakasirika. Ingia mtandaoni utafute chapa za kwanza za waandishi wetu wa miaka ya sitini, uone wauzaji wengi wako wapi. Uingereza. Marekani. Song of Lawino ilichapishwa hapa hapa Nairobi 1966, na East African Publishing House. Sisi tunaiuza kwa kilo ifungiwe njugu, halafu mjukuu wetu aje kuinunua kwa dola. Na si pesa tu. Ile chapa yenye jina James ni ushahidi wa mtu alikuwa nani kabla aamue kuwa nani. Hiyo huipati kwa PDF.

Kwani ni kazi ngumu? Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu. Kama umeorodhesha miaka mingi ya kuchapishwa upya, tulia, si chapa ya kwanza. Kama kuna mwaka mmoja tu, usiguse kitu mpaka uulize anayejua. Kisimamishe wima, mbali na dirisha, kwa sababu jua linakula rangi ya mgongo. Kama uko Mombasa, kiweke mahali hewa inapita, ukungu wa huko hauna huruma. Mikono safi na mikavu. Ukilazimika kuandika, penseli. Na jina la mwenyewe wa zamani usilifute, hata kama mwandiko ni mbaya kama wa guka wangu, ambaye aliandika jina lake, na chini yake bei aliyolipa, kwa penseli.

Yeye alitumia penseli. Biro ni yangu.

Shosh anasema kuna sanduku lingine juu ya dari. Jumamosi naenda kulishusha.