Wanafunzi wa Mombasa waujue mji wao kwa miguu

Imekuwa ada katika shule zetu nyingi za hapa Mombasa kwamba neno "ziara" halina maana ila iwe safari ndefu. Basi hukodiwa, wazazi hutozwa pesa, na wanafunzi huondoka alfajiri kwenda Nairobi, Naivasha au hata Kisumu. Hurudi baada ya siku mbili tatu wakiwa wamechoka, wengi wao wakiwa wamelala njia nzima, na ripoti wanazoziandika hufanana kama nakala za karatasi moja. Sina ugomvi na safari za mbali. Mtoto wa Pwani anastahili kuliona Bonde la Ufa kama vile mtoto wa Nakuru anavyostahili kuiona bahari. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kudhani kwamba elimu haipatikani mpaka ifuatwe kilomita mia nne.

Jambo la kwanza linalonikera ni la wale wanaobaki. Katika darasa langu, wanafunzi wanaoweza kulipia ziara aghalabu hawafiki nusu. Waliosalia huambiwa waje shuleni "wajisomee", na tunajua sote kwamba siku hizo hakuna anayejisomea. Wiki inayofuata mwalimu huuliza darasani, "Mliona nini kule?" Swali hilo moja huwagawa watoto wa darasa moja katika makundi mawili: walioona na wasioona.

La pili ni barabara yenyewe. Mnamo Machi 2024 wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipoteza maisha yao Maungu, karibu na Voi, walipokuwa wakija Mombasa katika safari ya masomo. Sisemi kwamba ziara zikomeshwe kwa sababu ya msiba huo. Nasema tu kwamba kila safari ndefu ina hatari yake, na mwalimu anayetia sahihi ya kuwachukua watoto wa watu hana budi kujiuliza kama anachokifuata huko hakipo karibu.

Na kwa hakika kipo. Aliye Mombasa anaweza kufika kwa nauli ya matatu, kisha kwa mwendo wa miguu usiomchosha hata mtoto wa darasa la tano, mahali ambapo wageni huvuka bahari kuja kupaona. Nimekuwa nikiwatembeza wanafunzi wangu Jumamosi kwa miaka kadhaa sasa, na ningependa walimu wenzangu wajue matembezi yenyewe yalivyo.

Mji wa Kale ndio mwanzo mzuri. Matatu ya kwenda mjini hutushusha Posta, tukatembea hadi Fort Jesus kabla jua halijapanda. Kila mwanafunzi amesoma kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo 1593. Kitabu hakimwonyeshi, hata hivyo, michoro ya merikebu iliyoachwa ukutani na Wareno waliokaa humo. Nimewaona vijana wasiojali tarehe yoyote wakisimama mbele ya michoro ile robo saa nzima, wakibishana juu ya milingoti na matanga. Hapo ndipo mwalimu humleta Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno kule Goa, akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao, kisha mwaka 1631 akawageuka na kuitwaa ngome. Waomani nao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958. Mwanafunzi aliyesimama juu ya ukuta akauona mlango wa bahari chini yake huelewa bila kuambiwa kwa nini kila mgeni aliitaka ngome hiyo.

Kutoka hapo tunashika Ndia Kuu, tukapita Msikiti wa Mandhry na kushuka hadi Bandari ya Kale. Walimu wa Kiswahili tusiliache somo hili kwa wenzetu wa historia peke yao. Muyaka bin Haji, malenga ambaye tungo zake tunazifundisha kama kwamba zilishuka kutoka hewani, aliishi mjini humu wakati Wamazrui walipokuwa wakishindana na Seyyid Said, na alifariki yapata 1840, miaka michache tu baada ya Wamazrui kuangushwa 1837. Mashairi yake ya siasa ni magumu kwa mwanafunzi aliyekaa darasani Kisauni au Changamwe. Yakisomwa kwenye kivuli cha ngome, ugumu wake hupungua mno. Nimejaribu, nikaona.

Matembezi ninayoyathamini zaidi, hata hivyo, yako ng'ambo ya daraja la Nyali, kwenye barabara iendayo Malindi. Panda matatu yoyote ya Bamburi au Mtwapa, umwambie utingo akushushe Kengeleni. Maelfu ya watu hulitamka jina hilo kila siku, na ni wachache wanaoinua macho kuitazama kengele iliyolizaa. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi wao kutoka katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu pindi maadui walipoonekana. Vizazi vya waliokombolewa vingali hapa Mombasa, na baadhi ya watoto wao huketi katika madarasa yetu.

Ukiendelea kwa miguu kuelekea Mkomani utalifikia kaburi la Rosina, mkewe Ludwig Krapf, aliyefariki pamoja na mtoto wao mchanga 1844, mwaka uleule waliofika Mombasa. Krapf huyu ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, baada ya kufa kwake. Mwanafunzi wa lugha akisimama hapo atajua kwamba kamusi haikuandikwa na kitabu kingine bali na mtu mwenye msiba wake.

Rudi barabarani, panda tena matatu hadi ng'ambo ya daraja la Mtwapa, kisha ushike njia ya kuelekea baharini. Utafika Jumba la Mtwana. Huu ni mji wa mawe wa karne ya 14 uliohamwa katika karne ya 15, na jina lake la asili limepotea. Hili tulilonalo ni la wenyeji wa baadaye. Magofu yake yalichimbuliwa na James Kirkman 1972. Kuna misikiti minne, mmoja ukiwa ufukweni kabisa na birika lake la kutawadhia, na kuna nyumba zilizokuwa na vyoo na mahali pa kuogea ndani, miaka mia sita na zaidi iliyopita. Kila ninapowaonyesha wanafunzi vyoo hivyo hucheka, halafu hunyamaza, kwa kuwa baadhi yao hutoka katika mitaa ambako familia kumi hugawana choo kimoja. Siwasemeshi kitu wakati huo. Maswali huja yenyewe.

Kisha huja swali la jina. Mtwana ni mtumwa wa kiume. Mtumwa apataje kuwa na jumba? Asubuhi wametoka Kengeleni, walikosoma habari za watumwa waliokombolewa; mchana wameketi chini ya mbuyu kwenye mji uliopewa jina la mtumwa. Historia ya utumwa katika Pwani yetu ni jambo ambalo wengi tunalipita upesi darasani, ama kwa haya ama kwa hofu ya kuwaudhi jamaa za watu. Ni barabara moja na nauli mbili fupi zinazotufungulia mjadala huo, na sijaona mahali pengine pa kuufanyia kwa utulivu zaidi ya pale, upepo wa bahari ukivuma. Wanafunzi wangu wamewahi kubishana hapo kwa saa nzima bila ya mmoja kumtukana mwenziwe.

Yapo matembezi mengine mengi. Mama Ngina ina mibuyu yake na njia iliyotengenezwa upya 2019. Machimbo ya Bamburi yana msitu wa mivinje uliopandwa kuanzia 1971 na René Haller, aliyewaleta jongoo waigeuze mivinje iliyokauka kuwa udongo, jambo ambalo mwalimu wa sayansi anaweza kulifundisha siku nzima. Na Rabai iko karibu tu kupitia Mazeras. Sitayaeleza yote.

Lakini lazima niseme hili la njia za kwenda baharini. Ipo njia ya miguu, upande wa kaskazini, tuliyokuwa tukiipita kila mwaka kuteremkia ufukweni. Mara ya mwisho tuliikuta imezibwa kwa ukuta, na mlinzi akatuambia tuzunguke. Hatukubishana naye, yeye ni mwajiriwa tu. Niliwasomea wanafunzi kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba ardhi iliyo baina ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufukwe ni wao, ila njia ya kuufikia imekuwa ya mtu. Njia ikiachwa kutembelewa miaka mitano, nani atashuhudia kwamba ilikuwapo? Hali ni hiyohiyo kwa nyumba za Mji wa Kale zinazobomoka na magofu yanayozingirwa na majengo. Watu hawakipiganii wasichokijua.

Wakuu wa shule huniambia kwamba matatu si chombo cha kuwapakia wanafunzi. Wana haki ya kuogopa, na ndiyo maana kundi langu halizidi watu wa matatu mbili, walimu wawili wakiwamo, na barua za wazazi huwa mkononi kabla ya Jumamosi. Gharama yake ni nauli, kiingilio cha makumbusho, maji na mkate. Mwanafunzi asiyekuwa na nauli hulipiwa na wenziwe bila ya mtu kujua, maana kiasi chenyewe ni kidogo. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kuona na kutenda. Naziomba shule zitenge Jumamosi mbili kila muhula kwa kazi hiyo kabla ya kukodi basi la kwenda mbali.

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu: tokeni saa moja asubuhi, na atakayetaka kuingia uani mwa msikiti aombe ruhusa na awe amevaa kwa heshima. Msipige picha za watu barazani bila ya kuwauliza. Kwa Jumba la Mtwana, chagueni siku ambayo maji yatakuwa yamekupwa adhuhuri, msiende wakati wa bamvua maji yakijaa, na muwe mmerudi kituoni Mtwapa kabla ya saa kumi, kwani baada ya hapo matatu za mjini huja zimejaa.