Mkufu wa Mahari na Safari ya Ulaya



Wapenzi wasomaji, juma lililopita baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, amefuatana na mwanawe wa kiume wa miaka 16. Alingoja watu watawanyike, kisha akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni barua yenye nembo ya klabu ya Ulaya na muhuri wa buluu, ikimwarifu kijana kwamba amechaguliwa kwenda kufanyiwa majaribio, na kwamba familia itume shilingi 180,000 za viza, bima na usajili kabla ya mwezi kwisha. Aliyeileta ni mtu ajiitaye wakala, ambaye huja kuwatazama vijana wakicheza jioni.

Mama yule hakuja kutuuliza iwapo barua ni ya kweli. Hilo kwake lilikuwa limekwisha. Alikuja kuuliza iwapo inajuzu kwake kuuza mkufu wake wa mahari bila ya kumpa habari mumewe, aliyeko kazini Ghuba.

"Sheikh," akasema, "Samatta naye si alianza hivi hivi?"

Suala la mkufu lilikuwa jepesi. Mahari ni mali ya mke, si ya mume wala ya baba wala ya kaka, na Surat An-Nisaa imelibainisha hilo tangu mwanzoni mwake. Akitaka kuiuza atauza, akitaka kuivaa ataivaa. Kushauriana na mume ni katika uzuri wa maisha ya ndoa, lakini ruhusa yake si sharti. Tulimjibu hivyo papo hapo. Suala la Samatta ndilo tuliloomba siku mbili, kwani sisi si watu wa kandanda. Tuliucheza utotoni ufuoni maji yakitoka, kwa mpira wa matambara, kisha vitabu vikatushughulisha. Tukaketi na wapwa zetu, ambao huyajua majina ya washambuliaji kuliko wanavyozijua nguzo za sala (na hilo tuna la kuwaambia siku nyingine), tukasoma tulichoweza kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mbwana Ally Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Disemba 1992. Alicheza African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na wale waliokuja kama wapinzani wakaondoka wakimtamani. Mwaka huo huo wakamchukua, naye ni kijana wa miaka 18. Alikaa Kongo karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ikatwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger, na Samatta akafunga katika michezo yote miwili ya fainali. Januari 2016, mjini Abuja, akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Ndipo mwezi huo huo akahamia Genk ya Ubelgiji, akiwa na miaka 23.

Angalieni mpangilio huo, enyi akina mama. Alicheza ligi ya nyumbani mbele ya macho ya watu, kisha mashindano ya bara, kisha ubingwa, na Ulaya ikaja mwisho. Na katika kila hatua klabu iliyomtaka ndiyo iliyofungua mfuko wake. Mwajiri hamtozi mfanyakazi ujira wa kuajiriwa.

Hapa tunataka kusimama kidogo juu ya neno. Vijana wetu husema, "Fulani ameuzwa milioni kadha." Sisi watu wa pwani neno hilo halitupasi kulitamka kirahisi, kwani katika bandari zetu hizi watu waliuzwa kweli, na wajukuu wao tunasali nao safu moja. Muungwana hauzwi. Katika sharia yetu mchezaji ni ajiri, na baina yake na klabu kuna ijara: kazi ijulikane, ujira ujulikane, muda ujulikane. Zile fedha ambazo klabu hulipana ni fidia ya mkataba unaovunjwa kabla ya muda wake. Ushahidi wa hilo ni kwamba muda ukiisha, mchezaji huenda atakako bila ya klabu yake ya zamani kupata hata senti. Jambo hilo lilithibitishwa na mahakama ya Ulaya mwaka 1995, katika kesi ya mchezaji wa Kibelgiji aitwaye Jean-Marc Bosman. Kabla ya hapo, klabu iliweza kumzuia mtu ambaye hata mshahara haimlipi tena.

Habari ya Samatta na Mazembe inalionyesha hili vizuri. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mwenye klabu, Moïse Katumbi, alipendelea aende Nantes ya Ufaransa, naye Samatta akataka Genk. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Mwajiri ana haki yake mpaka siku ya mwisho, na mwajiriwa ana haki ya kuchagua aendako, na kila mmoja anajua kwamba kalenda inasonga. Mwishowe alikwenda Genk kwa makubaliano, na Mazembe ikapata fungu lake. Tulilolipenda ni kwamba kijana hakutoroka. Surat Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na amri hiyo haikumtoa mcheza mpira.

Tuliuliza pia habari za mji wenyewe, kwani mama yeyote huuliza kwanza mwanawe atakula nini na atasali wapi. Genk ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1964 Ubelgiji ilitiliana saini na Moroko na Uturuki ili kupata wafanyakazi, na wengi wa watu hao waliletwa kuchimba makaa hayo. Machimbo yamefungwa, familia zimebaki, na misikiti ipo. Hata klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya wachimbaji, Waterschei na Winterslag. Kwa hiyo Mwislamu hawi mgeni kabisa pale. Ila saumu ya mwezi wa Juni katika nchi hizo ni zaidi ya saa 17, na jua huzama karibu saa nne za usiku. Atakayemtuma mwanawe amfundishe hukumu za msafiri na za mgonjwa kabla ya kumfundisha jina la kocha.

Samatta alidumu Genk miaka minne. Msimu wa 2018/19 walitwaa ubingwa wa Ubelgiji, naye akafunga mabao 23 ya ligi. Novemba 2019 aliifunga Liverpool nyumbani kwake Anfield. Januari 2020 akahamia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Akafunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, kisha akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ambayo timu yake ilishindwa 2 kwa 1. Wapwa zetu walituambia kwamba siku hiyo walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Kisha maradhi ya korona yakasimamisha kila kitu. Mchezo uliporejea mabao hayakurejea, na ilipofika Septemba alikuwa amekwishapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Mkataba wa miaka minne na nusu ulizaa miezi minane. Huyu ni mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika na bingwa wa Ubelgiji! Basi na tupime ahadi ya karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kuna jambo ambalo halikutufurahisha, nasi hatutalinyamazia kwa kuwa tunampenda kijana. Jezi ya Villa ya msimu ule ilibeba kifuani jina la kampuni ya kamari. Hakulichagua yeye, hilo tunalijua. Mwaka 2013 mshambuliaji wa Senegal, Papiss Cissé, alikataa kuvaa jezi ya Newcastle yenye jina la kampuni ya mikopo ya riba. Mvutano ukawa mkubwa, na baadaye akakubali kuivaa. Hatusemi haya ili kumhukumu. Tunataka mjue uzito unaomwangukia kijana aliye peke yake ugenini, wakala akimvuta huku, klabu huku. Vilabu vya Uingereza vyenyewe viliafikiana mwaka 2023 kuyaondoa matangazo ya kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Hali hapa kwetu wazazi wanawanunulia watoto jezi hizo na kuwavisha kuja nazo chuoni, juzuu kwapani na kamari kifuani. Mwenye nayo nyumbani na aitazame leo.

Turudi kwa mama yetu. Baada ya siku mbili alikuja tena, na kijana wake. Tukamweleza kanuni moja ambayo ingetosha kumaliza mazungumzo yote. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, halimruhusu mchezaji kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, ila kwa hali chache: wazazi wake wawe wamehamia kule kwa sababu zisizohusu mpira, au awe anaishi karibu na mpaka, au awe anahama ndani ya Ulaya yenyewe, na mfano wa hizo. Kanuni hiyo si ya mapambo. Barcelona yenyewe, pamoja na ukubwa wake, iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kuwasajili watoto kinyume chake, ikazuiwa kusajili wachezaji kwa vipindi viwili. Wakala atasema haya ni majaribio tu, si uhamisho. Na tukubali. Akifuzu majaribio hayo, ni nani atakayemsajili akiwa na miaka 16?

Tena, hakuna uhamisho unaofanyika gizani. Hati ya uhamisho wa kimataifa hutolewa na shirikisho la nchi atokayo mchezaji. Wakala wa haki hufanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na jina lake huweza kutafutwa. Na mtoto haruhusiwi kufuatwa na wakala bila ya idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni, kuweka mwandishi na kuleta mashahidi. Ikiwa deni la gunia la mchele linahitaji mashahidi, vipi mtoto?

Mama akauliza, "Na akifika huko wakamkataa?" Tukamjibu kweli. Wako vijana wengi kutoka Afrika Magharibi waliofikishwa katika miji ya Ulaya kwa barua kama hii, kisha wakala akazima simu. Walikuwa wengi kiasi cha kumfanya mchezaji wa zamani wa Cameroon, Jean-Claude Mbvoumin, kuunda shirika huko Ufaransa la kuwasaidia, Foot Solidaire.

Kijana alikuwa ameinamisha uso muda wote. Hatukupenda kumwona vile. Kipaji ni amana ya Mola, na kumcheka mtoto kwa ndoto yake ni dhulma. Tukamuuliza iwapo jina lake limeandikwa katika klabu yoyote. Akasema hapana, wao huchezea uwanja wa mtaa tu. Basi hapo ndipo pa kuanzia, tukamwambia. Asajiliwe katika klabu inayotambuliwa, apewe kadi yake, na kumbukumbu zake ziwekwe. Kuna faida ambayo wengi hawaijui: mchezaji akihama kwa fedha akiwa na mkataba, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa vilabu vilivyomlea baina ya miaka 12 na 23. Timu ya mtaa isiyoandika majina haitapata kitu, hata mwanawe akifika Wembley.

Mama akampigia wakala simu mbele yetu. Akamuuliza namba ya leseni, akamuuliza iwapo shirikisho letu lina habari, akamuuliza kuhusu umri. Yule bwana akasema yuko barabarani, atapiga baadaye. Siku ya nne leo hajapiga. Mkufu ungali shingoni mwa mwenyewe, na kijana Jumamosi amekwenda kujiandikisha, amefuatana na mjomba wake.

Lakini tumepata habari kwamba barua kama ile, yenye nembo ile ile na muhuri ule ule, imeingia nyumba nyingine tatu za mtaa huu huu, na mojawapo imekwishatuma sehemu ya fedha. Wenye nyumba hizo, na mwingine yeyote aliyepelekewa, watukute barazani baada ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Waje na barua, na risiti za simu kama wamekwishatuma, na kijana mwenyewe aje. Wasitume kingine kabla ya hapo.