Komwe 20 na kadi ya kliniki

Kadi ya kliniki ya mtoto wa Tanzania huanza kwa haraka: chanjo mara anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu kimya mpaka mwezi wa 9, na kimya tena mpaka wa 18. Ni katika kimya hicho kadi husahaulika kabatini, na mama huitwa mzembe. Lakini nani alimweleza kwa nini surua na rubela huchanjwa mara mbili? Darasani, komwe 20 za bao, kila moja ikiwa mtoto mmoja, zingetosha kulieleza hilo: dozi ya miezi 9 hukinga surua kwa watoto takriban 85 kati ya 100, basi mwanafunzi atenge komwe 3 zilizobaki bila kinga, aone dozi ya pili inawafuata nani. Mtasema mchezo haulipi nauli wala haujazi jokofu la zahanati. Kweli, ila aliyefika akaambiwa chanjo imekwisha, atarudi kwa urahisi zaidi akijua anachokifuata. Mguu haurudi pale akili isipopewa sababu. Tumewapa akina mama tarehe, tukawanyima sayansi, kisha tunawalaumu kwa kusahau tarehe. Mama wa kesho yuko darasa la tano leo; komwe zipo, mwalimu aanze.