Nyumba yenye simba wawili

Ndugu msomaji, wewe unayeishi karibu na mugodi, nikuulize: neno «burse» linakuambia nini? Vijana watajibu mbio: ni pesa ya kusomea! Lakini iko burse ingine. Kwa ajili yake wazee wetu walishiba ao walilala njaa, na hawakuiona hata siku moja.

Mwaka 2024 nilikuwa Bruxelles kwa mukutano wa makanisa, na ndugu mmoja akanipeleka kuitazama. Ni nyumba kubwa sana, nguzo ndefu mbele, simba wawili wa mawe kando ya ngazi. Ilijengwa tangu 1868 mpaka 1873. Jina lenyewe lilitoka mji wa Bruges: zamani wachuuzi walikutana mbele ya nyumba ya jamaa ya Van der Beurze, na alama ya jamaa ile ilikuwa mifuko mitatu ya pesa.

Nikasimama katikati ya ukumbi. Hapa watu walipaza sauti wakinunua na kuuza hisa, ndizo tunazoita aksio. Hisa ni kitu gani? Kampani inataka pesa nyingi ya kuchimba. Basi inajigawanya vipande vipande, na kila anayenunua kipande anakuwa mwenye sehemu na anangojea faida. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na hisa zake ziliuzwa katika mji huu. Mtu aliweza kuwa mwenye sehemu ya mugodi wa Likasi bila vumbi lake kugusa kiatu chake.

Mwaka 1929 burse ya New York ilianguka. Bei ya shaba ikaanguka nayo, na katika miaka ya 1931 na 1932 maelfu ya wafanyakazi wa Katanga walirudishwa vijijini. Ufikiri mama mmoja wa kambi: jana alipokea posho, leo mizigo iko kichwani. Ni nani aliyemwelezea sababu?

Mwaka 1967 serikali yetu ilichukua migodi ile. Kule Bruxelles kelele za ukumbini zilikoma katika miaka ya 1990, ordinatere zikashika kazi. Tangu 2023 kila mutu anaingia bure pale chini. Ghorofa za juu ni maonyesho ya bia, mimi sikupanda.

Bei ya shaba inatangazwa London kila siku ya kazi. Kijana wa Kolwezi anaweza kuisoma ndani ya simu yake. Umuulize wako leo jioni kama anaijua.