Fundi rangi hakukuibia, ulimnyima hela ya msasa

Wauzaji wenzangu, leo naandika kitu ambacho mafundi watanishukuru na baadhi yenu mtaninunia.

Nipo Kishanda, huku Muleba. Nauza stuli, rafu za viatu na meza ndogo za mbao. Seremala anatengeneza, mimi napiga picha, naposti, nafunga mzigo na kusafirisha. Wateja wangu wengi wapo Mwanza na Dar. Duka langu hawalijui, wanachokijua ni ule ukuta wa matofali ya kuchoma unaoonekana nyuma ya kila picha. Kwa hiyo kazi ya rangi kwangu inagusa sehemu mbili: bidhaa yenyewe, na ukuta unaoiuza. Mwaka jana zote mbili ziliharibika mikononi mwa fundi mmoja.

Ilikuwa Novemba, mvua ile ya kwetu isiyouliza. Nilimwita fundi wa kupaka nyumba anipigie vanishi ukuta wa fremu, apake mlango, na stuli sita za oda azimalizie huyo huyo. Aliomba 150,000. Nikamkaba mpaka 80,000. Jioni nikawasimulia wenzangu nilivyo mjanja wa bei.

Alifanya kazi ya elfu themanini. Ukuta aliufagia kwa ufagio mkavu, akapaka. Stuli alizipitishia msasa kama anafuta vumbi, akapiga mkono wa kwanza asubuhi na wa pili mchana wa siku ileile. Jioni akaniambia, "Bosi, imekauka hii, gusa mwenyewe." Nikagusa. Kweli haikushika kidole. Nikazifunga kwa nailoni, kesho yake nikazipeleka Kemondo zipande meli.

Siku tatu baadaye nikapokea picha. Nailoni imegandia kwenye kiti, na yule dada alipoivuta ilitoka na vanishi. Alirudishiwa hela yake yote, lakini picha ilishaingia kwenye grupu la kazini kwao, na watu wawili waliokuwa wameahidi kuagiza wakanyamaza. Ukuta nao haukungoja mwaka mpya. Ulianza na mabaka meupe kama unga, kisha mapovu, kisha vanishi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua.

Nilimtukana yule fundi moyoni kwa wiki nzima. Halafu nikakaa na mzee mmoja aliyepaka nyumba za Bukoba maisha yake yote, akaniuliza swali moja tu: "Hela ya kuandaa ulimpa shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipia rangi ionekane. Kuandaa na kusubiri sikuvilipia kabisa.

Maoni yangu basi ni haya, na nipo tayari kubishiwa: ukimshusha fundi bei, hatapunguza rangi, maana rangi unaiona. Atapunguza msasa, usafi na siku za kukauka, kwa sababu hivyo huvioni siku ya kulipa. Utaviona baadaye, tena mbele ya mteja.

Tuanze na mbao. Vanishi ya mafuta kutoshika kidole maana yake ni kwamba juu tu ndiyo pamekauka. Chini bado ni laini, na itaendelea kukomaa kwa siku kadhaa, na kwenye hewa yenye unyevu kama yetu zaidi ya hapo. Kati ya mkono na mkono iache ilale usiku mzima, kisha pitisha msasa laini, ufute vumbi, ndipo upake wa pili. Baada ya mkono wa mwisho mimi sasa nakaa na mzigo siku saba. Nikifunga, naanza na karatasi au kitambaa, nailoni inakuja juu yake. Mteja akiwa na haraka namwambia ukweli kabla hajalipa. Kwa wenye oda za haraka kila mara, kuna sila na vanishi za kukauka upesi zinazochanganywa na tina, mafundi wa fanicha wanazijua. Ila zinataka siku kavu, zikikutana na unyevu zinafanya ukungu mweupe.

Msonobari una tabia yake. Yale macho ya ubao hutoa utomvu, na utomvu unapenya hata rangi nyeupe na kuacha doa la njano. Yazibe kwanza kwa shelaki. Mninga ni mpole zaidi, na mimi naona kuupaka rangi ya kuficha ubao ni dhambi, lakini hiyo ni mimi. Oili chafu ya gari iache kwenye nguzo za uzio. Ukiipaka kwenye mbao, vanishi haitashika juu yake tena, na hakuna anayetaka stuli inayochafua gauni.

Matofali ndiyo yalinifunza zaidi. Tofali la kuchoma linakunywa maji, na Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji yanaingia kwa nyuma, kwa juu na kwa chini kwenye msingi, halafu yanataka kutoka. Ukiziba uso kwa vanishi inayong'aa, yanaisukuma vanishi. Ule unga mweupe ni chumvi iliyobebwa na maji yanapotoka nje, na kupaka juu yake ni kutupa hela. Brashi kavu ngumu kwanza, tafuta maji yanaingilia wapi, rekebisha paa au bomba la mvua, acha ukuta ukauke. Kama unataka kuukinga, ulizia dawa ya kuzuia maji inayozama ndani ya tofali bila kuacha ngozi juu. Haing'ai, na kwa picha hilo ni jema, maana vanishi ya kung'aa inarudisha mwanga wa simu na stuli yako inaonekana kama imepigwa tochi. Mimi ukuta wangu niliishia kuusugua na kuuacha mtupu upande wa ndani. Picha ni nzuri kuliko zamani.

Ukuta wenye lipu mpya usubiri kama mwezi mmoja kabla ya rangi. Saruji mbichi inaila rangi ya mafuta na kuigeuza kama sabuni. Mwenye fremu atakuharakisha, mwache aharakishe.

Kuna jambo la nyufa ambalo sisi wa Kagera hatupaswi kulichezea. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, kuta nyingi za matofali huku zilibaki na nyufa, na mpaka leo unaweza kukodi fremu iliyozibwa kwa puti na rangi mpya. Ufa mwembamba wa lipu tu hauna neno. Ukiona unapita kwenye tofali lenyewe, au unapanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, usimruhusu mtu wa rangi aufunike. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, na mwite fundi ujenzi.

Sasa hela. Vifaa nanunua mwenyewe, na natazama alama ya TBS kwenye kopo. Sio kwamba kila fundi ni mwizi, ni kwamba ukimpa hela ya vifaa na ya kula kwenye mkono mmoja, hiyo hela itagombana na njaa yake. Hesabu ya rangi ya maji ni rahisi: lita moja hufunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja, kwenye ukuta laini. Fremu ya mita 3 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina kuta za mita za mraba 42 kabla hujatoa mlango. Mikono miwili ni 84, yaani lita 8 na kidogo. Ukuta wa kunyonya utakula zaidi. Lakini ukiambiwa ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, muulize za nani.

Malipo nagawa kwa hatua, sio kwa siku. Kuandaa kuna hela yake, na naikagua kwa kiganja kabla ya kopo kufunguliwa. Mkono wa kwanza una hela yake. Kiasi kinachobaki kinangoja wiki moja baada ya kazi kuisha, na hilo tunaliandika kwenye meseji kabla hajaanza, ili asione nimembadilikia. Kazi za nje naziweka kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imepungua.

Yule fundi wa Novemba nilimwita tena mwaka huu, mwezi wa saba. Tulisemezana, akacheka, akasema, "Bosi, hata mimi nilijua itabanduka, lakini kwa ile hela ningesugua na nini?" Safari hii nilimlipa siku nzima ya kusugua mlango na meza nne, brashi hakuigusa. Jirani akapita jioni, akatazama, akauliza, "Waitu, huyu fundi wako mbona hapaki?"