Kuaminiana au Kusifiana?

Biashara ya intaneti inapozungumzwa, neno kuaminiana halikosi kutajwa. Ni haki, kwa kuwa mnunuzi na mwuzaji hawaonani. Lakini kiambishi -ana, tunachokijua sote kwa kauli ya kutendana, hakichagui marafiki: kipo katika kuaminiana, kipo pia katika kuogopana na kusifiana. Mnada wa eBay umevichanganya vitenzi hivi vitatu kwa miaka mingi.

Pierre Omidyar aliuanzisha mnada huo California mwaka 1995. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kimulika cha leza kilichoharibika, kwa dola 14,83, na mnunuzi alijua kabisa kwamba ni kibovu. Waliokuja nyuma hawakuwa wakweli wote. Mwaka 1996 Omidyar akaweka utaratibu: baada ya biashara, kila upande umpe mwenzake alama, nzuri, ya kati au mbaya, na mstari mmoja wa maneno. Jumla ya alama ikaandikwa kando ya jina.

Paul Resnick na Richard Zeckhauser walizichunguza biashara za mwaka 1999. Karibu nusu ya wanunuzi hawakuandika neno lolote juu ya mwuzaji. Kati ya maoni yaliyoandikwa, 99,1 kwa mia yalikuwa ya sifa. Mwanauchumi anaweza kufurahi. Mwanaisimu asite kidogo. Tangu Saussure tunafundishwa kwamba neno hupata thamani kwa kutofautiana na mengine. Wote wakiitwa "wazuri sana", basi "mzuri sana" inamaanisha tu kwamba mzigo ulifika. Ndiyo sababu watu wakaanza kurundika alama za kujumlisha, A+++++, kama mtu anayepaza sauti sokoni ambako wote wanapiga kelele.

Malalamiko yalikwenda wapi? Nadhani mengi yalikaa katika ile nusu iliyonyamaza. Mnunuzi aliyeudhika alijua kwamba akitoa alama mbaya, mwuzaji atamlipizia. Huko kulikuwa kuogopana, kumevaa nguo za kusifiana.

Mwaka 2008 eBay ikaikata ile -ana: mwuzaji akakatazwa kumpa mnunuzi alama mbaya. Wauzaji walinung'unika, na hoja yao ina uzito, maana wapo wanunuzi wanaoshinda mnada kisha hawalipi, au wanaodai uongo kwamba mzigo haukufika. Hata hivyo, naona uamuzi ule ulikuwa sawa. Mwuzaji ana haki ya kutotuma kitu mpaka alipwe. Mnunuzi hutoa pesa kwa picha na maneno tu, na anayebeba hatari kubwa ndiye anayestahili ulimi huru.

Tena jina jema lina bei. Katika jaribio moja la Resnick, Zeckhauser na wenzao, mwuzaji mzoefu wa kadi za posta aliuza kadi za aina moja kwa jina lake la zamani na kwa majina mapya. Jina la zamani lilipata asilimia 8,1 zaidi. Kiswahili kinalijua jambo hili: tunasema mali kauli, bidhaa inayochukuliwa bila pesa, kwa neno la mtu. Ila kauli ile inashikwa na wajomba, na majirani, na mlango unaojulikana. Mnadani, aliyeharibu jina anaweza kujifungulia lingine jioni hiyo hiyo.

Hapa kwetu simu zilizokwisha kutumika zinauzwa katika makundi ya WhatsApp: picha moja, neno "safi", bei mtaambiana pembeni. Hakuna alama, na kuuliza juu ya betri mbele ya watu kunaonekana kama tusi. Safi maana yake nini hapo? Haijaanguka? Haikuibwa? Anayetafuta mada ya tasnifu akusanye matangazo mia mbili ya namna hii, ahesabu ni mangapi yanayotaja ubovu hata mmoja, na kwa maneno gani.